Ukurasa wa Nne Uwe wa Kwanza

Wambui mami,

Umeenda kusukwa nywele na najua hutarudi upesi, kwa sababu umesema unataka zile nyembamba, na wasichana wa saluni wakianza hadithi mikono inalala. Nyumba imenyamaza. Begi lako jekundu liko mlangoni, limejaa mpaka zipu inalalamika. Juu ya meza umeacha karatasi zako nne, umezibana vizuri pembeni, na hizo ndizo zimenifanya nitafute kalamu.

Mchana ulinipa karatasi hizo nikiwa bado na sahani mkononi. Ulisema, "Mum, soma hii. Ndiyo nitawasomea Ijumaa." Nikasoma mpaka chini. Wewe ukasimama kando ya friji ukinitazama usoni, kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

"Sasa? Iko aje?"

"Iko sawa."

"Ati sawa tu?"

"Iko sawa kabisa, mami."

Ukacheka, ukanikumbatia, ukatoka. Haiko sawa, Wambui. Nilijua haiko sawa tangu mstari wa pili, na mdomo wangu ukasema neno lingine.

Ijumaa utasimama mbele ya wakulima wa Bungoma waliokataa kuleta mahindi yao kwenye ghala unalokwenda kulisimamia. Meneja aliyekutangulia aliondoka akiwa amegombana nao, na sasa mahindi yao yanachukuliwa shambani na wanunuzi wanaotoka upande wa Lwakhakha, mpakani. Kampuni yako imekuambia wazi kwamba wasiporudi msimu huu ghala litafungwa, nawe na vijana wa kupakia magunia mtarudi makwenu. Mtoto wa miaka ishirini na miwili kupewa ghala linalokata roho! Majirani wamekuja kunipongeza. Nimewapikia chai, nimesema asante, na wakitoka nimehesabu siku zilizobaki mpaka Ijumaa.

Habari za kuanika godoro na kununua mkaa wa kutosha kabla ya mvua sitakuandikia. Hizo shosho amekwisha kukuambia kwa simu mpaka simu yenyewe ikazima. Nataka kukueleza kwa nini nilisema iko sawa, na ili nikueleze hilo itabidi nirudi nyuma.

Sababu moja ni jina lako. Ulipewa jina la mama yangu, huyo shosho wako, kama desturi yetu ilivyo, na tangu ukiwa mchanga nimekuita mami, kama ninavyomwita yeye. Watu wa hapa jirani hucheka wakinisikia nikimwambia mtoto, "Mami, shika adabu." Lakini desturi ikikaa mdomoni huingia moyoni. Kila nikitaka kukukosoa nahisi nataka kumkosoa mama yangu, na ulimi unakuwa mzito. Sababu hiyo ni ya kweli, ila ni ndogo. Ile kubwa niliipata kazini.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba. Baba yako alikuwa amekwisha kwenda zake, na hatukumkosa sana. Shosho aliniambia, "Mtoto ni wangu, wewe rudi shule," akakulea kwenye kibanda chake cha mboga karibu na mtaa wa Kipsongo, umelazwa ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia. Nilikuwa nikikuchukua jioni unanuka vitunguu. Mpaka leo nikikata kitunguu mahali penye utulivu nakuona ukiwa mdogo, umefunga ngumi. Nikamaliza shule, nikasomea uhazili, nikapita vizuri. Vyeti nilikuwa navyo. Kilichonipungukia ni sauti.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ya kununua mahindi hapa Kitale, na meneja wetu aliitwa Bwana Simiyu. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, anayejua jina la kila dereva wa trekta. Nilimpenda. Lakini barua ikija kutoka Nairobi, Bwana Simiyu alisoma mstari wa juu, akatazama sahihi ya chini, akasema, "Wanjiku, weka kwa faili." Mimi nilisoma kila kitu kabla ya kukiweka. Nilisoma kwa woga, kama mtu anayetafuta jina lake katika orodha ya wanaofukuzwa. Makaratasi yaliyokwisha kazi nilikuletea nyumbani uchore nyuma yake, nawe, badala ya kuchora, ukaanza kusoma upande wa mbele. Unakumbuka? Ulipanda juu ya stuli ya shosho, ukainua karatasi kama mhubiri, ukapaza sauti: "Tafadhali zingatia unyevu wa mahindi!" Na shosho, huku akimenya viazi, akaitikia, "Amina." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nafikiri hakuna mtoto mwingine Kitale aliyejifunza kusoma kwa nyaraka za ghala.

Mwaka mmoja ulikuja waraka mrefu wa Kiingereza. Ulianza kwa shukrani, ukaendelea na sera, na katikati, mahali ambapo macho ya mtu yamekwisha kuchoka, kulikuwa na aya moja: kuanzia wiki ile, mahindi ambayo hayajakauka vizuri yasipokelewe getini, mwenyewe arudi nayo. Bwana Simiyu hakuifikia aya hiyo. Mimi niliifikia. Niliipigia mstari kwa penseli, mstari mwembamba sana, asije akafikiri namfundisha kazi. Akasema nibandike waraka kwenye ubao wa matangazo, nikaubandika kama ulivyokuja.

"Watu wameelewa?" akaniuliza jioni.

"Ndiyo, bwana."

Hakuna mtu hata mmoja niliyekuwa nimezungumza naye.

Wiki iliyofuata walikuja. Matrekta, mikokoteni ya punda, baiskeli zenye gunia moja moja, foleni mpaka barabarani. Mvua ikaanza. Kijana wa kupima unyevu akaanza kurudisha watu, nami nikatumwa nje na mwavuli niwaelezee. Mama mmoja mwenye gambuti miguuni na leso kichwani alinisogelea.

"Karani, haya maneno mlisema lini?"

"Iko hapo kwa ubao, mama. Tuliandika."

"Mliambia ubao. Na sisi je?"

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya mkokoteni: "Wachana na yeye, bana! Kama waliambia ubao, ubao ulete mahindi!"

Watu walicheka, hata wale waliokuwa wamelowa chepechepe na wanajua watalala njiani. Yule mama naye alicheka. Kisha akageuza punda wake, na foleni yote ikaanza kugeuka, mkokoteni kwa mkokoteni, kwenye matope. Msimu uliofuata wengi wao hawakurudi. Bwana Simiyu akahamishwa. Hakunilaumu hata siku moja, kwa sababu hakujua kwamba nilikuwa nimeisoma ile aya. Nilikuwa na habari ambayo ingemwokoa, nikampa kwa penseli isiyoonekana.

Baada yake alikuja Madam Nanjala, mtu wa Bungoma. Wewe unamkumbuka kwa peremende. Mimi namkumbuka kwa namna alivyosoma. Alisoma akiwa amesimama dirishani, na kila akimaliza ukurasa aliandika chini yake sentensi moja, kwa maneno ambayo angeweza kumwambia mama yake mzazi. Sentensi ikikataa kuja, alisema kwa sauti, "Huyu mtu ameandika nini? Sijui. Ngoja nirudie." Sikuwahi kumsikia mkubwa akisema sijui. Nilidhani ukisema neno hilo ofisini unapelekwa nyumbani. Na kabla ya kutia sahihi barua yoyote niliyomchapia, aliniuliza maswali yale yale: "Wanjiku, nani atasoma hii? Akimaliza, afanye nini?" Mara ya kwanza nilishindwa kujibu, na barua ilikuwa nzuri sana, ya aya sita. Tuliituma ikiwa na mistari mitatu.

Kitu chake ambacho sikukielewa ni habari ya wageni. Mkulima akija ofisini, Madam alimkalisha, akaagiza chai, wakaongea juu ya mvua, ng'ombe, harusi ya kijana, nani amelazwa, nani ametoka hospitali. Mimi nikaandika na kufuta, kwa sababu sikuona la kuandika. Mgeni akisimama, Madam naye alisimama. Akatoka naye. Akavuka uwanja wote, akapita mizani, akafika getini, jua liwe kali au tope liwe jingi, nami nyuma yao na daftari. Niliona ni kupoteza wakati. Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba mgeni huagwa mlangoni, tena kwa adabu.

Siku moja mzee mmoja, Mzee Wekesa, alikaa na sisi chai mbili. Aliulizwa kama ana shida yoyote na kampuni, akasema, "Hakuna, mama, sisi ni wazima." Tukamsindikiza. Tulipofika getini alishika chuma cha geti, akatazama barabara, akasema polepole:

"Lakini mama, ile mizani yenu."

"Mizani imefanya nini, baba?"

"Inatazama ndani. Sisi tunasimama nje. Kijana anasema kilo, sisi tunasema asante."

Hayo tu. Akaaga, akaenda. Madam alirudi, akaita mafundi, na kabla ya wiki kwisha uso wa mizani ulikuwa umegeuzwa, unasomeka kutoka mahali mkulima anaposimama. Hakuna aliyekuwa akiibiwa, Wambui. Kijana wa mizani alikuwa mwaminifu. Lakini watu walikuwa wameingia na kutoka wakiwa na shaka ile kwa miaka, na kila walipoulizwa ofisini walisema wao ni wazima.

Siku ile tukirudi kutoka getini nilimuuliza Madam kwa nini mzee hakusema ndani, na kiti alipewa, na chai alipewa. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto.

"Kwetu mtu hamwambii mwenye nyumba mabaya akiwa bado anakunywa chai yake. Anangoja asindikizwe. Usipomsindikiza, anarudi nayo."

Ukifikiri vizuri, hata kwetu ni hivyo. Shosho akitembelewa, maneno ya kweli husemwa pale kwenye ua wa michongoma, mgeni akiwa ameshika kikapu chake. Nilikulia katika desturi hiyo, kisha nikaenda chuo nikaisahau kama mtu anayeacha viatu vya shamba nje ya mlango.

Madam alinipenda, nafikiri kwa sababu nilisoma kila kitu. Alitaka niwe msaidizi wake. Wakubwa walipokuja kutoka Nairobi aliniambia, "Taarifa ya msimu utaitoa wewe." Niliiandika vizuri. Nilisimama mbele yao nikaisoma yote bila kuinua kichwa, nikishika karatasi kwa mikono miwili, na nilipomaliza mmoja wao akauliza jambo ambalo nilikuwa nimelisema muda mfupi uliopita. Hakuwa amesikia. Nadhani hakuna aliyesikia. Madam aliniambia baadaye, bila hasira, "Umeisomea karatasi. Sisi tulikuwa hapa."

Msimu uliofuata akaniambia nijaribu tena. Asubuhi ya siku hiyo nilipiga simu nikasema mtoto ana homa. Wewe ulikuwa nje unaruka kamba na watoto wa jirani, unahesabu kwa sauti, mzima wa afya. Nilifunga dirisha ili usisikike kwenye simu. Kazi ya msaidizi ikapewa mtu mwingine, na mimi nimebaki karani mpaka leo, karani mzuri, anayeaminika, anayesema ndiyo. Wakubwa wameniuliza mengi tangu hapo. Mpango uko aje, Wanjiku? Uko sawa. Barua iko aje? Iko sawa. Neno hilo limenilipia kodi ya nyumba. Limenilipia na karo yako. Ndiyo maana leo mchana lilitoka lenyewe, kabla sijalituma.

Sasa hotuba yako.

Ukurasa wa kwanza unaeleza kampuni ilianza vipi na malengo yake ni yapi. Ukurasa wa pili una jedwali. Wa tatu unawaambia wakulima faida watakazopata wakirudi. Na ukurasa wa nne, karibu na mwisho, baada ya kuwashukuru kwa kuja, umeandika mstari mmoja: kwamba kampuni inatambua changamoto zilizopita. Wambui, hizo changamoto ndizo watu watakuwa wameketi wakizingoja. Ndizo zimewatoa nyumbani. Ukifika kwenye mstari huo, nusu yao watakuwa wanatazama baiskeli zao.

Anza na mstari huo. Sema kilichotokea kwa jina lake. Na hapo ndipo nina wasiwasi zaidi, kwa sababu sijui kama unajua kilichotokea. Nilikuuliza juzi kama umesoma taarifa alizoacha meneja wa zamani, ukasema, "Nimezipitia." Nakujua, mami. Wewe una macho mepesi tangu utotoni, unapita juu ya ukurasa kama mwewe na unapata kuku wako, na shuleni hilo lilikusaidia. Lakini aya ya mahindi mabichi haikuwa juu wala chini. Kaa na taarifa hizo kesho. Chini ya kila ukurasa andika sentensi ambayo shosho angeielewa, na pale sentensi inapokataa, pale ndipo ugomvi ulipo.

Karatasi uziache garini. Najua unaogopa kuziacha, najua zinakupa kitu cha kushika. Shika kalamu. Waamkie, waulize mvua iliwafanyia nini, usifanye haraka. Na ukimaliza kusema, usiwaulize kama wameelewa. Watasema ndiyo, mimi ni mwalimu mkuu wa ndiyo hiyo. Madam alikuwa akimchagua mtu mmoja anayecheka cheka, anamuuliza, "Baba, ukifika nyumbani, mama watoto akiuliza tumesema nini, utamwambia aje?" Watu wanacheka, yule mtu anajikuna kichwa, anaeleza, na Madam anasikia mwenyewe mahali alipokosea kusema. Kisha anasema tena. Sikuwahi kuona aibu yoyote usoni mwake.

Wakianza kuondoka, ondoka nao. Usiingie ofisini kupiga simu Nairobi. Nairobi itangoja.

Nikisoma niliyoandika naona ni kama nayajua sana mambo haya. Sijayafanya hata moja. Nimeyatazama kwa miaka mingi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, nikiandika yale wengine waliyothubutu kusema. Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niitie ndani ya begi, chini ya sweta, uikute Bungoma usiku wa kesho ukiwa peke yako, ukasirike huko mbali, na hasira ikiisha unipigie. Huo ndio ulikuwa mpango wangu mpaka aya iliyopita. Ulikuwa mpango wa karani.

Lakini siku ulizonazo kabla ya Ijumaa ni chache, na unastahili kuuliza maswali, kubisha, kusema, "Mum, hapo hujaelewa." Huenda kweli sijaelewa. Karatasi haiwezi kukujibu.

Nasikia unacheka hapo nje na mama wa duka, anakuambia nywele zimekupendeza, umekuwa bosi kabisa. Naweka kalamu chini. Nimetenga viti viwili, nimefungua hotuba yako ukurasa wa nne. Ingia, mami, uketi. Nina maneno na wewe.

Mama yako,
Wanjiku